Beldina na Kifaransa cha Nyundo

Kila kilichoandikwa hapa ni kweli tupu. Mwandishi wa makala haya ni mstaafu wa reli, ana miaka sabini na mmoja, na anajua kwamba mstaafu akianza kusimulia watu huanza kutafuta viatu vyao. Kwa hiyo anaapa kabla hajaulizwa. Anaapa kwa kadi yake ya pensheni, kwa meno manne ya mbele ambayo bado ni yake mwenyewe, na kwa kuku wote walioko nyumbani kwake Otonglo. Mwenye shaka aje Kisian aulize.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua linachomoza upande wa Kisumu mjini, na malori ya Busia yameanza kunguruma barabarani. Chini ya kilima, kwenye mawe, Beldina Ajwang tayari ameketi juu ya gunia lililojazwa nyasi kavu. Miguu ameinyoosha, leso moja iko kiunoni na nyingine kichwani. Mbele yake kuna jiwe la ukubwa wa ngumi. Amelizungushia pete ya mpira iliyokatwa kwenye tairi kuukuu, ili vipande visimrukie machoni. Mkono wa kulia umeshika nyundo. Waya mweusi umetoka kwenye simu iliyo kifuani ukaingia sikio la kushoto. Sikio la kulia limeachwa wazi kwa ajili ya malori yanayorudi nyuma.

"Je," anasema, na nyundo inashuka. "Vou." Inashuka tena. "Drais." Jiwe linapasuka.

Anasukuma vipande kando, anaingiza jiwe jingine ndani ya pete. "Une. Cham. Bre." Nalo linapasuka. Ameomba chumba.

Hatua sita kutoka hapo, Metrine Nasipwondi, mponda kokoto mwenzake aliyetoka Bungoma miaka mingi iliyopita, hainui hata kichwa.

"Leo umelala wapi, Mama Winny?"

"Hoteli ile ile."

"Maji moto yamerudi?"

"Bado. Nimelalamika tangu Jumatatu."

Huyu ni mwanamke wa miaka hamsini na sita, aliyeacha shule darasa la saba, ambaye hajawahi kulala hotelini hata siku moja. Naye anaongea Kifaransa. Hakuna mwalimu aliyemfundisha ana kwa ana, hakuna daftari alilofungua. Amejifunza kwa miezi minane, sikio moja likiwa kwa mwalimu wa kwenye simu na mkono mmoja ukiwa kazini.

Wenye malori wanamjua. Dereva mmoja aliyekuwa akielekea Kampala alisimama hapa kununua maji, akamsikia, akakaa saa nzima akifungua redio ya lori lake kutafuta mahali ilipoharibika. Mwandishi amehakikishiwa pia kwamba kuna kunguru wawili wa Kisian ambao sasa husalimiana kwa "bonjour".

"Hiyo ya kunguru ni yako, Mzee," asema Metrine. "Sisi hatukusema."

Basi, kunguru mmoja.

Debe moja la kokoto hapa huuzwa shilingi thelathini. Siku njema, Beldina hujaza madebe kumi na mawili. Siku ya mvua hujaza manne, na kuna siku hakuna lori linalosimama kabisa, kokoto zikakaa zikiangaliana na mwenyewe. Alianza kazi hii miaka ishirini na miwili iliyopita, mumewe Ogola alipofariki na kumwachia nyumba ya vyumba viwili na binti mmoja, Winny, aliyekuwa darasa la nne.

"Winny nimemsomesha na hii," asema, akiinua nyundo. "Hii ni ya sita. Mipini sijahesabu."

Winny alisomea uuguzi. Miaka minane iliyopita alipata kazi katika nyumba ya kutunza wazee mjini Lyon, Ufaransa, akaolewa huko na mtu wa Togo, na wakajaliwa binti, Shantel, ambaye sasa ana miaka sita. Nyumbani kwao ni Kifaransa tu. Baba hajui Kiswahili, yaya hajui, shule haijui. Winny anafanya kazi za zamu, na akirudi analala.

"Aliniambia, 'Mama, nilichoka. Nilikuwa niseme naye Dholuo kila siku, lakini nilichoka.' Sikumlaumu. Mimi pia najua kuchoka."

Kwa hiyo bibi na mjukuu walikuwa wakionana kwenye simu ya Metrine, Jumapili kwa Jumapili, na kila mmoja akimpungia mwenzake mkono.

"Miaka mitano ya kupunga mkono," asema Beldina. "Hata askari wa trafiki hupumzika."

Mambo yaligeuka Januari mwaka huu. Siku hiyo Beldina alikuwa amepunga mkono kama kawaida, ametabasamu kama kawaida, na Shantel akamgeukia mamake akamuuliza jambo. Winny akacheka, lakini kile kicheko cha mtu anayefunika sufuria.

"Amesema nini?" Beldina aliuliza.

"Hakuna kitu, Mama."

"Winny. Mtoto amesema nini?"

"Anauliza kwa nini yule bibi wa kwenye simu haongei." "Anauliza kama ni mgonjwa."

Katika mazungumzo hayo hayo, Winny alimpa habari nyingine. Walikuwa wamepata tikiti za kuja Kisumu mwezi wa Agosti, yeye na Shantel, kwa majuma matatu. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuja. Ya pili itakuwa lini, hakuna aliyejua, maana nauli ya watu wawili kutoka Lyon si mchezo.

Beldina alirudi kwenye mawe yake akaponda bila kupumzika hadi saa sita.

"Nilijiambia, mtoto atakuja, atakaa siku ishirini na moja, ataondoka. Kama hatutasemezana, mimi nitabaki picha. Picha ya mama mmoja mwenye leso anayepunga mkono. Na picha mtoto huisahau."

Kesho yake alipanda gari hadi Otonglo kwa Frankline, fundi wa simu ambaye huwajazia watu nyimbo kwenye kadi za memori.

"Nijazie Kifaransa," alimwambia.

"Ya nani, Mama? Rumba ninayo nyingi."

"Si nyimbo. Lugha yenyewe."

Frankline alimwangalia, akaangalia mikono yake iliyojaa vumbi jeupe, akaangalia tena uso. Akamwambia arudi baada ya siku mbili. Aliporudi alimkuta amepata masomo ya kusikiliza, thelathini kwa jumla, yaliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaosafiri. Mwalimu alikuwa mwanamume mwenye sauti ya upole, akieleza kwa Kiingereza na kufundisha Kifaransa. Bei, pamoja na kadi, shilingi mia tano.

"Lakini nikwambie ukweli, Mama," Frankline alisema. "Hii kitu watu huachia lesoni ya tatu."

"Wewe jaza."

Mwalimu huyo ana desturi yake. Husema sentensi, kisha humwambia mwanafunzi arudie, kisha hunyamaza kwa muda unaotosha mtu kusema. Mtu aliye kwenye kiti angekaa tu akajibu. Beldina hana kiti, ana mawe, na lori likija halimsubiri mtu amalize somo. Aligundua siku ya kwanza tu kwamba katika ule ukimya wa mwalimu zinaingia nyundo tatu kamili, nne kama jiwe ni laini. Kwa hiyo kila neno akalipa pigo lake, na neno refu akaligawa, pigo kwa pigo. Kila somo alilirudia siku sita kabla ya kulivuka.

Mwezi wa kwanza Metrine alicheka hadi akaangusha debe. Mwezi wa pili alikuwa akimrekebisha.

"Jana ulisema kwa kupanda, leo unasema kwa kushuka. Wewe na huyo mwalimu elewaneni."

Somo moja tu Beldina alilikataa. Lilikuwa la mkahawani, ambapo mwalimu anaagiza mvinyo mwekundu, na kila mtu anatakiwa kuagiza pamoja naye.

"Mimi ni wa Dorcas," asema, akimaanisha kikundi cha akina mama wa kanisa lake la Sabato. "Alipofika kwenye mvinyo nilinyamaza. Nilipiga jiwe bila kusema kitu. Alipofika kwenye maji tukaendelea."

Kufikia mwisho wa Julai alikuwa amemaliza yote thelathini. Hapo kwenye mawe alikuwa akiongea bila hata kuwasha simu. Aliuliza njia ya kwenda stesheni, akauliza kama bei ni pamoja na chai ya asubuhi, akalalamika kwa adabu kuhusu maji moto. Alikuwa tayari. Kila mtu Kisian alijua kwamba yuko tayari. Frankline alikuwa amewaambia wateja wake Otonglo kwamba ndiye aliyemfundisha.

Ndege ilitua Kisumu saa nne asubuhi, siku ya Jumanne. Uwanja wa ndege uko barabara hii hii, na Beldina alifika saa mbili, amevaa gauni lake la kanisani la rangi ya samawati na viatu vya kufunga. Mkoba ulikuwa mkono wa kulia. Metrine alikuwa amemsindikiza, ili apatikane shahidi.

Winny alitoka kwanza akisukuma masanduku, na nyuma yake mtoto mwembamba mwenye nywele za mabutu, ameshika sanamu ya sungura kwa sikio moja. Winny akalia, Beldina akalia, wakakumbatiana hadi watu wakawazunguka kupita. Kisha Winny akamsukuma binti yake mbele kidogo.

"Bonjour, mamie," Shantel alisema. Hujambo, bibi.

Beldina akafungua mdomo.

Maneno yalikuwepo. Anasema aliyahisi yamejipanga kooni kama madebe yanayosubiri lori, lakini hakuna hata moja lililosogea. Alijaribu "bonjour", neno la somo la kwanza, ambalo alikuwa amelisema mara elfu kumi. Halikutoka. Mtoto alikuwa akimwangalia kwa macho makubwa. Beldina aliyekuwa na maneno yote ya hoteli za Ufaransa alibaki mdomo wazi kama samaki mchangani.

Shantel akarudi nyuma ya sketi ya mamake, akasema jambo kwa sauti ndogo.

"Elle ne parle toujours pas."

Winny hakutafsiri. Hakukuwa na haja. Beldina alikuwa amekielewa kila kipande: bado haongei. Ukiacha salamu, kilikuwa Kifaransa cha kwanza alichowahi kukisikia kutoka kwa mtu aliye mbele yake, na alikielewa barabara, na kilikuwa hicho.

Siku mbili zilipita nyumbani Kisian. Beldina alipika kuku, akapika samaki, akapika tena kuku. Shantel alikula vizuri, akafukuza vifaranga, akalala akiwa amemkumbatia mamake. Alipokutana na bibi yake mlangoni alimpungia mkono. Beldina anasema mkono ule ulimuuma kuliko jiwe lolote lililowahi kumwangukia mguuni.

"Mama, usijisumbue," Winny alimwambia. "Mimi nipo, nitatafsiri."

"Nimesoma miezi saba ili nitafsiriwe?"

Hakujua kilichomtokea. Aliwaza kwamba labda ni uzee, labda kichwa cha darasa la saba kimejaa. Alijifungia chumbani mchana, akasimama mbele ya kioo, akajaribu, na kioo nacho kikamwangalia tu.

Siku ya tatu lori lilikuwa linakuja kuchukua kokoto, naye alikuwa amepungukiwa na madebe sita. Akavaa leso zake akaenda kazini. Shantel hakutaka kubaki nyumbani, kwa hiyo Winny akamleta pia, wakaja nyuma polepole.

Metrine alimwona Beldina anavyotembea tu akajua.

"Bado?"

"Hata neno."

"Hebu niambie mimi. Omba chumba."

Beldina alisimama kati ya mawe, mikono mitupu, akajaribu. Hewa ikatoka.

Metrine alimwangalia muda mrefu. Lakini alikuwa hamwangalii usoni. Alikuwa akiangalia mkono wa kulia wa mwenzake, ambao ulikuwa ukipanda na kushuka kando ya leso bila kushika kitu.

"Mama Winny, keti," alisema. "Shika nyundo."

"Lori linakuja, nyar Bungoma," alisema Beldina, akimwita binti wa Bungoma kwa Dholuo. "Huu si wakati wa kuchekana."

"Sikucheki. Nimekaa hapa nikikusikia miezi saba. Sijawahi hata siku moja kukusikia ukisema Kifaransa mkono ukiwa bure. Wewe hukusoma na masikio. Umesoma na mkono. Na uwanja wa ndege ulienda na mkoba."

Beldina aliketi. Aliweka jiwe ndani ya pete. Shantel alikuwa amefika, ameketi juu ya debe lililopinduliwa, anachora mchangani kwa kijiti.

Nyundo ikashuka. "Bon," alisema Beldina. Ikashuka tena. "Jour."

Kijiti kikasimama.

"Je. Vou. Drais." Jiwe likapasuka, na sauti yake ikatoka imeshiba, ile ile iliyokuwa ikisimamisha malori. "Une. Cham. Bre."

Shantel aliinuka kutoka kwenye debe. Alijipangusa gauni. Kisha, anasema kila aliyekuwepo, alizunguka akaenda kusimama nyuma ya lile debe, akaweka mikono yote miwili juu yake kama karani wa benki, akainua kidevu.

"Pour combien de nuits, madame?"

Kwa siku ngapi, mama?

Beldina hakumwangalia. Aliogopa akimwangalia maneno yatakimbia tena. Akapiga. "Pour deux nuits." Siku mbili.

Mtoto akamwomba pasipoti. Hilo lilikuwa somo la tisa. Beldina akaokota kipande cha jiwe bapa akamkabidhi. Shantel akakifungua, akakitazama, akamtazama bibi yake, akakitazama tena, akasema kwamba hiyo picha haikupigwa vizuri. Kisha akaokota kokoto moja akaigonga juu yake mara mbili kama muhuri, akakirudisha.

Winny alikuwa amesimama kando na chupa ya maji. Aliketi chini bila kuangalia anakalia nini.

Waliendelea hivyo hadi saa saba. Hoteli ikajaa. Hoteli ikapata nafasi. Beldina alilalamika kuhusu maji moto, na mwenye hoteli akaomba radhi, akaenda nyuma ya rundo la kokoto "kutengeneza bomba", akarudi akisema bado. Metrine naye akataka chumba, akaambiwa kwa Kifaransa kwamba kilichobaki hakina dirisha. Lori lilikuja, likakuta madebe sita yamejaa na mengine mawili juu yake.

Ilikuwa siku ya pili ya hoteli, anakumbuka Beldina, ndipo mwenye hoteli alipochoka na maswali ya hoteli akaanza kuuliza yake. Alimuuliza mgeni kama ana watoto. Hilo lilikuwa katika somo la sita.

"Nikapiga, nikamwambia ninaye binti mmoja. Akaniuliza yuko wapi. Hilo sikuwa na maneno yake, nikaonyesha na nyundo."

Shantel alifuata nyundo kwa macho hadi kwa mamake aliyekuwa akimenya machungwa. Akamwangalia mamake. Akamwangalia bibi. Alifikiri kwa muda mrefu sana kwa mtu wa miaka sita. Kisha akasema, polepole ili mgeni aelewe, kwamba kama ni hivyo basi huyu mgeni ni mama wa mama, na mama wa mama halipi chumba.

Hapo Beldina aliacha kupiga. Anasema vumbi lilimwingia machoni, na mwandishi ameandika alivyoambiwa.

Kuanzia siku hiyo mtoto alianza kumwita Dani, kama watoto wa Kisian wanavyoita bibi zao. Bibi naye alianza kuhama kutoka kwenye nyundo. Mezani alipiga kwa kijiko, na Shantel alikuwa akimletea kijiko hicho kabla ya chakula, akakiweka kando ya sahani yake. Juma la tatu kilitosha kidole kimoja juu ya goti. Siku ya kuondoka, pale pale uwanjani palipomshinda, Beldina alimkumbatia mjukuu wake na kumpigapiga mgongoni kwa vidole vitatu. "À. Bien. Tôt." Tutaonana karibuni. Shantel naye akamjibu kwa kumpigapiga begani, mapigo yale yale.

Sasa ni Septemba. Winny aliacha simu nzuri yenye kioo kikubwa, na kila siku ya shule inalia saa mbili asubuhi. Lyon huwa ni saa moja na Shantel anakunywa chai yake. Beldina huiegemeza kwenye jiwe na kuendelea na kazi huku wakizungumza. Hajaacha masomo pia. Yale thelathini ameanza upya kutoka mwanzo, maana anasema mara ya kwanza alikuwa na haraka.

"Kila kitu nilichojifunza ni cha mgeni," asema. "Najua kuomba chumba, sijui kumkaribisha mtu kwangu. Najua kuuliza njia, sijui kueleza kwangu ni wapi. Nimemwambia Frankline atafute masomo mengine, yale ya wenyeji. Nataka nimsimulie Shantel habari za babu yake Ogola. Huyo mtu alikuwa na vituko, na hakuna hata kimoja kilichotokea hotelini."

Na kuna jambo jingine. Baada ya kuombwa pasipoti kila siku kwa majuma matatu na kutoa jiwe, ameamua kutafuta ya kweli. Alienda mjini mwezi huu, akajaza fomu, akapigwa picha.

"Winny anatafuta tikiti, mimi naponda. Agosti ijayo ndege igeuke upande wa pili. Nitafika pale, nitapiga hodi mlangoni kwake, na huyo mtoto ataniuliza nakaa siku ngapi."

"Utamjibu nini?" mwandishi aliuliza.

"Nitamwambia hoteli yake nimeisikia, ina maji moto."

Mazungumzo hayo yalifanyika Alhamisi iliyopita. Mwandishi alikuwa amefika kununua kokoto za baraza la nyumba yake. Saa mbili kamili simu ililia, na Shantel akatokea kwenye kioo, mkono mmoja umeshika mkate. Yeye na Dani wakazungumza, kidole cha Dani kikipiga goti. Yalikuwa mazungumzo mazuri, ya haraka, yenye kucheka, na mwandishi alikuwa ameachwa nje. Mstaafu wa reli hajazoea kuachwa nje.

Kwa hiyo alijikohoza, akawaeleza akina mama hao kwamba yeye pia si mgeni wa lugha hiyo. Mwaka wa sabini na nane wahandisi Wabelgiji walikaa stesheni ya Kisumu miezi mitatu. Hawakutaka kusemezana na mtu mwingine ila yeye, na waliondoka wakisema hawajasikia Mwafrika mwenye Kifaransa safi kama hicho.

"Mzee, si umetuambia ulikuwa karani wa mizigo?" Metrine aliuliza.

"Mizigo ya nani, unafikiri?"

Beldina hakubishana. Aliinua simu akamgeuzia kioo. "Basi msalimie mjukuu wangu."

"Bonjour," alisema mwandishi, na kufikia hapo alikuwa sawa kabisa.

Shantel alimwangalia kwa makini. Kisha akamuuliza swali refu, lenye kupanda na kushuka, lililoishia juu. Macho yalikuwa yakingoja. Mwandishi ameishi muda mrefu na anajua kwamba mwanamke wa umri wowote akikuuliza jambo kwa upole hivyo, jibu la heshima ni moja. Akainamisha kichwa.

"Oui," alisema. Na kwa kuwa bado macho yalikuwa yakingoja, akaongeza: "Oui, oui."

Shantel akapiga makofi, mkate ukaanguka. Beldina akaziba mdomo kwa leso.

"Amesema nini?" mwandishi aliuliza, kisha akakumbuka kwamba hakupaswa kuuliza.

"Ameuliza kama leo ni wewe utakayeponda mawe ili Dani apumzike," Beldina alisema. "Debe zima. Umekubali mara tatu, Mzee."

Metrine alikuwa tayari ameshaleta gunia la kukalia.

Haikufaa kitu kueleza. Mwandishi anakiri hapa, mbele ya wasomaji wote, kwamba hakukuwa na Wabelgiji. Kulikuwa na Mjerumani mmoja, na alikaa dakika kumi akiuliza choo. Mwandishi alivua koti, akaketi, akapewa nyundo na pete ya mpira. Simu iliegemezwa kwenye jiwe mbele yake, na Beldina akaketi kando kwenye kivuli, miguu ameinyoosha, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Jiwe la kwanza lilikataa. La pili lilipasuka vipande viwili, na Metrine akamwambia hiyo si kokoto, hiyo ni kiti. La nane lilimpata kidole gumba, na neno alilosema halikuwa la Kifaransa. Kwenye kioo mtoto alikuwa akihesabu mapigo kwa sauti, na kila alipofika kumi bibi yake alihesabu pamoja naye.

Hatimaye kukawa na kitu ndani ya debe. Mwandishi akaweka nyundo chini, akainuka kwa awamu, akajifuta uso. Shantel alikuwa amevaa begi la shule mgongoni, lakini akasema haondoki kabla ya kuona. Beldina akainua simu, akaielekeza ndani ya debe, akangoja.

Sauti ndogo ikasema jambo fupi.

"Anasema halijajaa," Beldina alitafsiri.

Mwandishi akaketi tena.